Fundi wa Ugo wa Ziwani

Waliomfukuza ndio waliotangulia kumsifu. Habari ya kifo chake ilifika kijijini asubuhi, kwa simu kutoka Pate, na kabla ya adhuhuri kila mtu barazani alikuwa na neno zuri juu yake. Huyu alisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Yule alisema hapajapata kusimama ugo kama wake. Bwana Muadhini, ambaye kwa miaka minne alikuwa haitikii salamu yake, alivua kofia, akaipangusa, akairudisha kichwani, akasema tumepoteza hazina. Niliwatazama nikatamani kutema mate. Sikutema, kwa sababu katika wote waliokaa pale hakuna aliyemdhulumu yule mzee kama nilivyomdhulumu mimi.

Jina lake sitalitaja, na hapa kijijini halikuwa na kazi. Tulimwita Fundi, kana kwamba waliotujengea nyumba na kutushonea kanzu hawakuwa mafundi. Yeye kazi yake ilikuwa moja tu, kujenga na kutunza ugo wa mamba.

Kijiji chetu kiko bara, upande unaotazamana na visiwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka bandarini. Visima vyetu vina chumvi. Maji matamu yako ziwani, na ziwani kuna mamba. Kwa hiyo mahali pa kuteka palizungushiwa ugo: boriti za mkoko zilizopigiliwa kwenye matope, zikaanzia ukingoni, zikaingia majini mpaka kina cha kifua, zikapinda na kurudi ukingoni. Ndani ya ugo wanawake waliteka na kufua, wanaume wakatawadha. Nje kulikuwa kwa mamba. Kila nyumba ilitoa boriti mbili kwa mwaka, na Fundi akizipokea alizikata alama karibu na ncha, mikato miwili ya kusimama na mmoja wa kulala. Nafasi kati ya boriti na boriti ilikuwa upana wa kiganja. Kiganja chake, si cha mtu mwingine. Ukimwambia mbona viganja vyote ni sawa, alikushika mkono wako akaupima na wake mbele ya watu mpaka uone haya.

Kila Ijumaa asubuhi aliingia majini na kuzitikisa moja moja, akizungumza nazo kwa matusi. Maji yakimfika kifuani alisimama hapo hapo, hakuongeza hatua. Hakujua kuogelea. Mtu aliyeishi kwa kazi ya majini, kwao ni kisiwani, alikuwa hajui kuogelea na bahari alikuwa akiiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Siku aliyolazimika kwenda Amu kutibiwa jino, alitapika tangu chombo hakijang'oa nanga. Watoto walimcheka wiki nzima. Aliwarushia mawe, na alikuwa na shabaha.

Hakuwa mtu wa kupendeka, na nasema hivi kwa sababu leo wamemfanya walii. Alikuwa bahili wa tumbaku. Alisali baada ya wengine kumaliza. Akija kwenye karamu hula sahani mbili, kisha husema nyama haikuiva. Nilipokuwa na miaka tisa alinikuta nimesimama ukingoni nje ya ugo, navua kambare kwa uzi, viatu vyangu vya Idi nimeviweka kando. Alivichukua akavitupa ziwani.

"Nenda ukavitoe," akasema.

Nikaanza kulia.

"Huendi? Kwa nini huendi?"

"Kuna mamba."

"Kumbe wayua," akasema, akaenda zake. Mama alikwenda kumlaumu, akarudi amenyamaza. Viatu sikununuliwa vingine mwaka ule.

Lakini mamba aliwajua. Nafundisha darasa la nne katika shule ya hapa, na kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wakamsikilize, kwa sababu vitabu vyetu vina picha ya mamba na maneno matatu. Yeye aliwaonyesha. Aliwaambia watazame mahali macho, pua na masikio ya mamba yalipokaa, yote juu ya kichwa, ili mwili wote uzame na yeye bado anaona, ananusa na kusikia. Aliwaambia mamba hatafuni. Meno yake ni ya kushikia, akishika anajizungusha mpaka kipande kitoke. Aliwaambia akila akashiba anaweza kukaa miezi bila kuhitaji kingine, na kwa hiyo hana haraka, na asiye na haraka ndiye wa kuogopwa. Wakati wa kiangazi, ziwa likipungua, aliwaonyesha mashimo ambayo mamba huchimba kwenye kingo wakajificha humo na unyevu wao. Akimaliza aliwauliza maswali, na asiyejibu aliitwa kichwa boga.

Siku moja alituita mbio. Kwenye mchanga, mbali na ugo, mamba jike alikuwa amelala mdomo wazi karibu na mahali alipofukia mayai yake miezi mitatu nyuma. Kutoka chini ya mchanga tulisikia sauti ndogo ndogo, za vifaranga. Yule mamba akafukua kwa miguu ya mbele, taratibu, kisha akaanza kuwachukua watoto wake mmoja mmoja kwa mdomo. Msichana mmoja akapiga kelele kwamba anawala.

"Hawali," Fundi akasema. "Ni wanawe, awapeleka kwenye mai. Meno yayo hayo yavunjayo mfupa wa ng'ombe. Tazama, hata mmoja hakumkwaruza."

Alisema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake tena, kama mtu anayemsifu dada yake. Na mwaka uliofuata nilimkuta peke yake na jembe, anavunja mayai ya mamba yaliyofukiwa karibu na njia ya wanawake, moja baada ya moja, uso umemkunjamana.

"Hapa ni karibu mno," akasema. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Mimi ni hodari sana wa kutomwambia mtu.

Kitu kilichomtia hasira kuliko vyote ni maneno ya mamba wa kutumwa. Kila mbuzi akichukuliwa, watu walinong'ona kwamba fulani ana ubaya na fulani. Fundi alicheka kwa dharau. "Uchawi gani? Mwaya kuteka hapo hapo, saa ile ile, ndia ile ile, kila siku ya Mngu. Ningekuwa mamba mimi, ningewamaliza." Alikuwa akiwaomba watu wabadilishe nyakati zao za kuteka. Hakuna aliyebadilisha.

Hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wake na Bwana Muadhini. Fundi alikaa ukingoni siku ishirini mfululizo, akaona kitu, akaenda msikitini kukisema. Nilikuwepo.

"Bwana Muadhini, yule mamba mkubwa ameiyua adhana yako."

"Astaghfirullah! Wasemani?"

"Ukianza ya alasiri, yeye hutoka kwenye matete akaya mpaka kwenye ugo. Hata watu hawayatoka majumbani. Nimemuona kwa mato yangu."

"Adhana yaita waja kwa Mola wao. Haiiti mamba."

"Yaita watu. Na mamba angoya watu. Sikusema jingine."

Alichotaka ni kidogo: watu wateke maji ya udhu mapema, wayaweke majumbani, wasishuke ziwani kundi zima kila wanaposikia adhana. Ijumaa iliyofuata Bwana Muadhini aliwaambia watu kuna mtu hapa kijijini anasema adhana inaita wanyama. Hakumtaja, lakini shingo zote ziligeuka. Tangu siku ile Fundi akitoa salamu, Bwana Muadhini alikuwa akitafuta kitu mfukoni.

Kisha ukaja mradi wa maji. Kijana mmoja alikuja na pikipiki na karatasi zilizochorwa, akatuambia tutapata mfereji kila baada ya nyumba kumi. Fundi alimuuliza huo mfereji utakuja lini, na ugo utunzwe na nani mpaka hapo. Kijana akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Mzee wangu, hiyo fence ni ya kitambo. Sahii ni mambo ya mfereji." Watu wakacheka naye. Mwaka ule pia kukata mikoko kulikuwa kumekatazwa, boriti zikawa adimu kama dhahabu, na kila nyumba ikapata sababu ya kutotoa mbili zake. Fundi alizunguka mlango kwa mlango. Waliokuwa na adabu walimwambia inshallah. Wengine walimuuliza hajasikia habari za mfereji.

Sasa nije kwangu.

Mwaka huo huo nilikuwa nimeposa, na chumba cha kumwingiza mke kilikuwa kimesimama, kimebaki boriti mbili za paa. Nilikwenda Matondoni, nikaenda mpaka Amu, sikupata. Harusi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Basi mchana mmoja wa jua kali, saa ambayo watu wamelala, nilishuka ziwani, nikaingia ndani ya ugo mpaka kona ya mbali kabisa, penye kina, nikang'oa boriti mbili. Pahali pake nikachomeka vijiti vya mwarobaini. Nilijiambia hizo mbili pengine ni zile alizotoa baba. Nilijiambia kona ile hakuna anayeteka. Nilijiambia nitazirudisha baada ya harusi. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri. Njia nzima nilitazama nyuma, si kwa aibu bali kwa kumuogopa mamba.

Dua ya nyumba ilisomwa Alhamisi. Fundi alikuja, akaegemea ukuta, akaitikia amina na wengine akitazama juu. Baadaye alikula sahani mbili za pilau, akaniambia, "Chumba kizuri." Hakusema nyama haikuiva. Nilifurahi. Nikaingia fungate na mke wangu, siku saba za kutotoka ndani, za kuletewa chakula mlangoni na kufanyiwa mizaha na mashangazi.

Siku ya sita, baada ya adhana ya alasiri, nilisikia kelele kutoka ziwani. Si kelele za mbuzi kuchukuliwa. Nilikimbia na kikoi na fulana.

Alikuwa Bi Rukia, mama wa watoto wanne, jirani yetu wa mlango wa tatu. Alikuwa ameshuka kuteka maji ya udhu. Mamba hakuja kutoka nje. Alikuwa ndani ya ugo, amelala chini ya maji ya tope, na hakuna ajuaye alikuwa amengoja humo tangu saa ngapi. Ugo tuliojengewa kumzuia ndio uliomficha. Alimshika mkono wa kulia. Bi Rukia alikumbatia nguzo kwa mkono wa kushoto, wanawake wakamvuta miguu, na mamba akaanza kujizungusha, kama Fundi alivyowafundisha wanafunzi wangu.

Fundi alikuja mbio kutoka njia ya bandarini na boriti begani. Hakusimama kifuani siku ile. Aliingia mpaka maji yakamfika mdomoni, yule asiyejua kuogelea, akampiga mamba kwa ile boriti usoni, tena na tena, mpaka akaachia. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kwenda, kuanzia kiwiko. Nilipofika walikuwa wamemlaza Bi Rukia mchangani, wamemfunga kwa leso, na Fundi ameketi majini ameshika boriti, anatapika maji. Hakuna aliyemuuliza boriti ile aliitoa wapi.

Waliokwenda kutazama kona ya mbali walikuta pengo na vijiti vya mwarobaini vimevunjika. Wakasema Fundi kachoka, kaweka vijiti kwa uvivu. Nilisikia wakisema. Nilikuwa nimesimama hapo, miguu yangu majini.

Bi Rukia akiwa bado hospitali ya Amu, baraza liliketi mbele ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Wazee walitaka Fundi ale yamini kwamba Ijumaa iliyotangulia aliukagua ugo wote akauona mzima. Akiapa, yaishe. Bwana Muadhini alitafuta mtu wa kuingia kuleta msahafu, macho yake yakanikuta mimi, mwalimu, bwana arusi, niliye na udhu. Niliingia nikauleta. Nikamnyooshea Fundi kwa mikono miwili.

Alinitazama mimi, si msahafu. Kisha akasema, "Siapi."

"Uliukagua au hukuukagua?" Bwana Muadhini akauliza.

"Niliukagua."

"Basi apa."

"Siapi."

Watu wakaguna. Mumewe Bi Rukia akasimama kutaka kumpiga, wakamshika. Mtu asiye na kosa kwa nini akatae kuapa? Hivyo ndivyo walivyosema, na ndivyo nilivyojiambia mimi pia, Mungu anisamehe, kwa sababu ilinifaa. Pengine kweli hakuukagua. Pengine na yeye ana lake. Nilisimama na msahafu kifuani. Neno moja lingetosha. Badala yake niliurudisha msahafu ndani, nikauweka mahali pake, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Walimvua kazi ya ugo na kumwambia aondoke. Alivuka bahari kwenda Pate, kwa binti yake, na waliokuwa kwenye chombo walisema alilala chini kifudifudi safari nzima, ameshika ubao. Mfereji ulikuja kweli, ukatoa maji kipindi kifupi, ukakauka. Leo koki zake ni za watoto kuchezea. Ugo ulioza. Tunateka kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, kila mtu na bahati yake, na adhana bado inaadhiniwa kwa wakati ule ule, na watu bado wanashuka.

Bi Rukia alirudi na mkono mmoja. Mumewe alioa mwanamke mwingine mwaka uliofuata na kuhamia kwake. Mimi nikaanza kumpelekea maji, dumu moja kila siku, jua liwake au mvua inyeshe, miaka yote hii. Watu wananisifu. Nimetajwa kwenye hotuba ya Ijumaa, mbele ya wanafunzi wangu, kwamba ujirani ndio huu. Nikaangalia mkeka.

Miezi miwili iliyopita nilisikia Fundi anaumwa. Nikafunga safari, Amu kisha chombo cha kwenda bandari ya Mtangawanda, kisha pikipiki mpaka Pate mjini. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, amekonda, amekaa chini, anazungushia uzio kishamba cha tumbaku kuzuia mbuzi. Vijiti vilikuwa vimeachana kiganja kwa kiganja. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa kwa kidevu.

"Fundi, kuna jambo nataka kukwambia. La ugo."

"La boriti mbili," akasema, bila kuacha kufunga kamba.

Akakaza fundo kwa meno, akatema nyuzi.

"Siku ya dua yako nalikaa tini yazo. Nikainua mato kuitikia amina, nikaona alama zangu. Mikato miwili na wa kulala. Hukuzikwangua hata. Nikasema huyu ni mwivi, na tena ni mwivi mvivu."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Tangu siku ile?"

"Kesho yake nikaenda nikaona zijiti zako. Niliukagua, sikusema uwongo."

"Mbona hukunitaka nizirudishe?"

Hapo ndipo aliponigeukia, na hasira yake ilikuwa mbichi. "Nikutake vipi? Nivunje paa na bibi arusi yumo? Nimtoe mwana wa watu fungateni kwa boriti mbili, asemwe mpaka afe? Nikasema nitangoya siku saba. Siku saba ni nini? Zikisha nitakuya nikutukane, unipe boriti zangu. Nikakaa pale ukingoni na fimbo, nikiwafukuza watu kona ile. Wakiniuliza, nawaambia napunga upepo. Siku ya sita nikaambiwa bandarini kuna boriti, ya chombo kikuukuu. Nikaenda kuitwaa, nizibe pengo mwenyewe."

Ndipo nilipoielewa ile boriti begani. Nikafunika uso.

"Ungeapa tu," nikasema. "Uliukagua kweli."

"Niape nini? Kwamba niliuona mzima? Niliona pengo nikaliwata wazi, kwa sababu ya harusi. Mkono wa mtu nimeutoa kwa pilau. Ningeapa vipi na hilo?" Akachukua kijiti kingine. "Na usiyipe cheo, Mwalimu. Sikunyamaza kwa kukupenda wewe. Ningekutaja, wangeniuliza nimeyua tangu lini."

Nikamwomba aniwie radhi. Akacheka kicheko kifupi kikavu.

"Radhi gani niliyonayo mimi? Mkono si wangu. Nenda kwa mwenye mkono. Mwambie lako, na langu mwambie. Yote mawili, usimegue."

"Twende sote. Nitakuchukua mimi."

Akatazama vidole vyake. "Nimejaribu mara mbili," akasema polepole. "Nimefika Mtangawanda, nimekiona chombo, nikarudi. Moyo hauniruhusu. Ni mzee mzima nashindwa na mai." Kisha akanishika kifundo cha mkono, na kiganja chake kilikuwa bado kipana. "Wewe utanipelekea. Niahidi."

Nikaahidi. Nilirudi kijijini, kesho yake nikachota dumu la maji nikampelekea Bi Rukia, nikamuuliza hali ya watoto. Keshokutwa vile vile. Nilingoja siku nzuri ya kusema. Siku sitini hazikupatikana nzuri hata moja.

Leo Fundi amekufa. Alasiri, nikitoka kuwasikiliza wale wasifiaji wakubwa, nilichukua dumu nikaenda mlango wa tatu. Bi Rukia alikuwa anapepeta mtama kwa mkono mmoja, ungo umekaa magotini.

"Umesikia?" akaniambia.

"Nimesikia."

"Wamekuya hapa asubuhi, wataka niseme nimemsamehe, azikwe na wepesi. Sikusema." Aliutikisa ungo. "Kanitoa yeye, kweli, lakini kanitia yeye. Mbele ya Mngu nitamdai mkono wangu."

Nilikuwa bado nimeshika dumu. Niliona wazi kwamba nikiliweka chini na kuondoka kama siku zote, yule mzee ataingia kaburini na deni langu, na hatakuwa na chombo cha kumrudisha. Nikaliweka chini. Nikamwambia. Boriti, vijiti vya mwarobaini, alama kwenye paa, siku saba, boriti ya bandarini, na Mtangawanda mara mbili. Sikumegua.

Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia.

"Ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Na haya alikutuma lini uniambie?"

"Miezi miwili."

"Na mai haya ya kila siku?"

Aliinuka, akalisukuma dumu kwa mguu, likalala ubavu, maji yakatoka yakaingia mchangani mpaka likabaki tupu. Alingoja liishe kabisa. Kutoka msikitini sauti ya Bwana Muadhini ilikuwa inakohoa kwenye kipaza sauti, inajiandaa.

"Watakuwa wote pale sasa hivi," akasema. Akajifunga leso kichwani kwa mkono na meno, upesi, kama afanyavyo kila siku. "Wakimaliza kusali wazuie, wasitawanyike. Mimi niko nyuma yako, nataka kusikia kwa masikio yangu ukiwaambia. Na msahafu ule uliomletea yeye, uingie uutoe, uushike wewe."

Nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia mlango ukifungwa, kisha viatu vyake.